Amri za Vitufe: Historia Fupi ya Vihariri vya Terminali, na Nafasi ya Mwandishi wa Kiswahili

Kitufe cha kibodi kina kazi mbili. Kwa mwandishi ni herufi. Kwa programu chaweza kuwa amri. Katika mashine ya taipu ya zamani kazi ya pili haikuwako: aliyegonga d alipata d karatasini, basi. Kompyuta ilipoanza kutumiwa kuandika na kusahihisha maandishi, d ikapata maana nyingine, yaani "futa", na hapo likazuka swali ambalo wataalamu wa lugha wanalifahamu kuliko mafundi: ni nani mwenye haki ya kuamua kwamba alama fulani ina maana fulani, na wengine wote wamfuate?

Vihariri vinavyozungumziwa hapa ni vile vya terminali, yaani programu zinazoonyesha maandishi matupu, bila picha wala kipanya, na kuendeshwa kwa vidole peke yake. Mtu asiyevizoea huviona kuwa mabaki ya kale. Hata hivyo vingali vinatumiwa kila siku, hasa na wale wanaoongoza kompyuta zilizo mbali nao, kwa kuwa haviombi nguvu nyingi za mashine wala mawasiliano ya kasi. Sifa hiyo haikuja kwa bahati. Vilizaliwa katika upungufu, na karibu kila amri iliyomo ndani yake ina alama ya upungufu huo.

Chanzo chake ni miaka ya 1960. Huko Berkeley, katika jimbo la California, Butler Lampson na L. Peter Deutsch walitunga kihariri kilichoitwa QED. Ken Thompson alikiandika upya kwa ajili ya kompyuta ya MIT, akakiongezea uwezo wa kutafuta si neno tu, bali umbo la neno. Mwaka 1969, akiwa katika maabara za Bell huko New Jersey, Thompson huyohuyo aliandika kihariri kidogo zaidi, ed, kwa ajili ya mfumo wa Unix uliokuwa ndipo unazaliwa. Ed haikuhitaji skrini. Mwandishi aliketi mbele ya mashine kama Teletype Model 33, iliyochapa karatasini herufi 10 tu kwa sekunde, tena herufi kubwa peke yake. Kwa mwendo huo kila neno lilikuwa gharama. Kwa hiyo amri zikawa herufi moja moja: a kuongeza, d kufuta, p kuchapa mstari, s kubadili, w kuhifadhi, q kuondoka. Hata kosa la mwandishi lilijibiwa kwa alama moja tu, "?", bila maelezo. Wengi wameiita tabia hiyo kiburi cha mafundi. Kwa kweli ilikuwa ubahili wa mashine.

Nguvu ya amri hizo fupi huonekana vizuri kwa mfano wa karibu. Mwezi wa Mei 1997 nchi ya Zaire ilirudishiwa jina la Kongo. Katibu mwenye hati ya kurasa 100 angeweza kuandika ndani ya ed mstari huu mmoja: 1,$s/Zaire/Kongo/g. Maana yake ni kwamba, kuanzia mstari wa 1 hadi wa mwisho, kila palipo na Zaire pawekwe Kongo, hata ikitokea mara nyingi katika mstari ule ule. Kazi ya siku nzima ingekwisha kabla ya kuvuta pumzi. Lakini Zaire lilikuwa jina la nchi, la mto, na la fedha. Mashine haijui tofauti. Hatari ni kubwa zaidi kwa jina la Shaba, ambalo jimbo la Katanga lilibebeshwa katika miaka ya Zaire. Anayeamuru Shaba igeuzwe Katanga popote ilipo ataikuta sentensi iliyosema "Shaba huchimbwa hapa" ikisema "Katanga huchimbwa hapa". Dawa yake ni kuandika umbo pana zaidi, kwa mfano "Mkoa wa Shaba", na hilo ni jambo linalohitaji mwenye lugha wala si mwenye kompyuta.

Hatua ya pili ilianzia London. Katika miaka ya 1975 na 1976 George Coulouris wa Queen Mary College aliirekebisha ed ili itumike kwenye terminali za skrini, akaiita em, kwa maana ya kihariri cha binadamu wa kawaida. Kwa maoni yake ed ilikuwa ya miungu. Alipofika Berkeley mwaka 1976, mwanafunzi Bill Joy aliiona kazi hiyo, naye pamoja na Chuck Haley wakaijengea juu yake kihariri cha ex. Sura ya ex iliyoonyesha ukurasa mzima kwenye skrini ndiyo iliyokuja kuitwa vi, na kwa jina hilo ikasambazwa mwaka 1979 pamoja na Unix ya Berkeley.

Ili kuielewa vi yafaa kutazama chombo alichokuwa nacho Joy. Terminali yake ilikuwa ADM-3A ya kampuni ya Lear Siegler, yenye skrini ya mistari 24 na nafasi 80 kwa kila mstari. Aliitumia kwa simu iliyopitisha biti 300 kwa sekunde, sawa na herufi 30 hivi. Kuijaza skrini hiyo kwa herufi zake 1,920 kulichukua zaidi ya dakika moja. Hakuna mhariri ambaye angevumilia ukurasa kuchorwa upya kila anapobadili neno, na ndiyo sababu vi ikawa na maneno machache na kuondoka pale inapotakiwa tu.

Kibodi ya ADM-3A haikuwa na vitufe vya pekee vya mishale. Mishale ilichorwa juu ya herufi h, j, k na l. Chaguo hilo nalo lina asili yake: katika orodha ya alama za kompyuta iliyotangazwa Marekani mwaka 1963, kitufe cha Ctrl kikibanwa pamoja na herufi hutoa alama yenye namba ya nafasi ya herufi hiyo katika alfabeti. H ni herufi ya 8, na alama namba 8 ni ile ya kurudi nyuma nafasi moja. J ni ya 10, na namba 10 ni ya kushuka mstari. Basi mtu wa Lubumbashi anayebonyeza j leo ili kushuka mstari anatii uamuzi uliofanywa kwa ajili ya mashine za karatasi, ukapita katika terminali isiyotengenezwa tena, ukafika kwake bila mtu yeyote kuuliza kama unamfaa. Kwa bahati njema h, j, k na l hukaa mahali pale pale katika kibodi za AZERTY zilizoenea Kongo kwa urithi wa Kifaransa. Kitufe cha Esc hakikuwa na bahati hiyo. Katika ADM-3A kilikuwa mahali ambapo kibodi za baadaye huweka Tab, karibu kabisa na kidole. Sasa kimefukuzwa hadi pembeni juu, ingawa vi hukihitaji kila mara kwa kutoka katika hali ya kuandika na kurudi katika hali ya kuamuru.

Wajibu wa hali hizo mbili ndio sarufi ya vi. Katika hali ya kuamuru herufi haziandikwi, hutenda. D hufuta, na w huruka hadi neno linalofuata. Zikiungana, dw hufuta neno. Idadi huweza kutangulia: 3dw hufuta maneno matatu. Kuna kitenzi, kuna mtendwa, kuna idadi. Anayejifunza vitenzi kumi na mienendo kumi hajapata amri ishirini, amepata mia.

Lakini "neno" ni nini? Kwa vi, ni mfululizo wa herufi usiokatwa na nafasi wala alama. Ufafanuzi huo humfaa Mwingereza. Akitaka kuhamisha sentensi kutoka wakati ujao hadi uliopita, atafuta neno moja na kurekebisha la pili. Mswahili aliyeandika nitawaandikia amefunga sentensi nzima, yaani mtenda, wakati, watendewa na kitendo, ndani ya kitu ambacho w hukiruka kwa pigo moja. Kwake yeye dw ni panga mahali panapotakiwa wembe. Hulazimika kuingia ndani: ft humpeleka kwenye t, kisha 2s hufuta herufi mbili, huandika li, hubonyeza Esc, na kupata niliwaandikia. Mofimu haina amri yake.

Kwa upande mwingine, ipo amri moja ambayo Kiswahili kinaifaidi kuliko Kiingereza, nayo ni nukta. Nukta hurudia badiliko la mwisho. Chukua sentensi kitabu kikubwa kimeanguka, kielekezi kikiwa juu ya herufi ya kwanza. Mwandishi hugonga rv, k ikageuka v. Kisha w, nukta, w, nukta. Kwa vitufe 6 amepata vitabu vikubwa vimeanguka. Upatanisho wa kisarufi, unaowachosha wageni wengi wa lugha hii, umekuwa ni kurudia tu. Ndivyo ilivyo pia kwa mtoto mdogo ameanguka: s, wa, Esc, halafu w na nukta mara mbili, na hao watoto wadogo wameanguka. Kwa mti mkubwa umeanguka hila hiyo hukwama kwenye kitenzi, kwani m inageuka mi lakini u inageuka i. Ngeli ya tatu ina njia zake. Joy hakuwa na habari za ngeli yoyote alipoiweka nukta mahali pale. Hata hivyo ni vigumu kuona amri nyingine inayolingana hivyo na lugha ya Kibantu.

Wakati huo huo, upande wa mashariki wa Marekani, jambo la namna tofauti lilikuwa likitendeka. Mwaka 1962 Dan Murphy alikuwa ametunga TECO huko MIT, kihariri cha amri za herufi zilizofungamana hata ukurasa wa amri ukafanana na kelele. Katikati ya miaka ya 1970 Richard Stallman, katika maabara ya akili bandia ya chuo hicho, aliipa TECO uwezo wa kufunga kitufe chochote na programu ndogo ya mtumiaji, iitwayo makro. Uhuru huo ulipokewa kwa furaha. Kila mtu alijitungia makro zake, akaamua mwenyewe kitufe kipi kifanye nini. Matokeo yake yalikuwa kwamba mtu hakuweza tena kuketi mbele ya terminali ya jirani yake na kufanya kazi: f ya huyu haikuwa f ya yule. Katika jengo moja palizuka lahaja nyingi, na baadhi yake zikawa za msemaji mmoja.

Mwaka 1976 Guy Steele alianza kukusanya makro hizo, kulinganisha na kuchagua. Stallman aliichukua kazi akaiendeleza, akisaidiwa na David Moon, na mfumo uliotokea ukaitwa EMACS, jina linalotokana na maneno ya Kiingereza yenye maana ya makro za kuhariri. Vitufe vikapewa mpango: Ctrl na f mbele, Ctrl na b nyuma, n mstari ufuatao, p uliotangulia. Sharti la Stallman lilikuwa kwamba anayepokea EMACS airudishe nyumbani kila nyongeza atakayoitengeneza, ili wote waifaidi.

Msomaji wa historia ya Kiswahili hataacha kukumbuka mkutano wa Mombasa wa 1928 uliochagua Kiunguja kuwa msingi wa lugha sanifu, na Kamati iliyoundwa mwaka 1930 kuusimamia uchaguzi huo. Kuna mfanano wa tatizo: lahaja nyingi, na haja ya kusomana. Mfanano wa njia haupo. EMACS ilisanifishwa na wale wale waliokuwa wakiitumia, kutokana na mazoea yao. Kiswahili sanifu kiliamuliwa na maofisa wa utawala wa Kiingereza kwa ajili ya Tanganyika, Kenya, Uganda na Unguja. Kongo ya Wabelgiji haikuwamo katika kamati hiyo, na wasemaji wa Katanga, Kivu na Maniema waliachwa nje ya meza, kisha wakapimwa kwa kipimo kilichotengenezwa juu ya meza hiyo. Tena EMACS iliacha mlango wazi: usanifu ulikuwa ni mahali pa kuanzia, na kila mtu aliruhusiwa kufunga upya kitufe chake. Lahaja ya mtu haikuhesabiwa kuwa kosa.

GNU Emacs ya mwaka 1985, iliyoandikwa na Stallman na kutolewa bure, iliendeleza mlango huo. Karibu kila amri yake imeandikwa kwa lugha ya Lisp, nayo yaweza kubadilishwa programu ikiwa inatembea. Hapa pia mashine za zamani zimeacha makovu. Kitufe cha Meta, kinachotajwa kila ukurasa wa maelezo yake, kilikuwa katika kibodi za MIT. Penginepo mtu hutumia Alt, au hubonyeza Esc kwanza. Ctrl na s, ambayo Emacs huifanya kuwa amri ya kutafuta, kwa terminali nyingi ni alama ya kusimamisha mawasiliano, hata mgeni akadhani kompyuta imekufa. Ctrl na q huifufua.

Vihariri vingine havihitaji maneno mengi. WordStar ya 1978 ilipanga mienendo ya kielekezi kwa umbo la msalaba, Ctrl pamoja na e, s, d, x, kwa kufuata mahali pa herufi wala si maana yake. Mpango huo unasimama hata katika AZERTY, isipokuwa Ctrl na a, ya kurudi neno moja, ambayo imehamishwa mstari wa juu. Nano, iliyoanzishwa na Chris Allegretta mwaka 1999 kwa mfano wa Pico ya Chuo Kikuu cha Washington, huandika amri zake chini ya skrini muda wote. Kwa anayeanza, hiyo ndiyo njia ya busara.

Vim yataka kutajwa kwa sababu ya kiungo chake na Afrika ya Mashariki. Mholanzi Bram Moolenaar alianza kuitunga mwaka 1988 kwa kompyuta ya Amiga, akaitoa hadharani mwaka 1991, kwanza kama mwigo wa vi, kisha kama vi iliyoboreshwa. Mwaka 1994 alikwenda Kibaale, kusini mwa Uganda, akajitolea kazi ya maji na usafi katika kituo cha watoto, katika eneo ambalo ukimwi uliacha yatima wengi. Tangu hapo Vim haikuuzwa; anayeipenda aliombwa asaidie watoto wa huko, na ombi hilo huonekana mara kwa mara programu inapofunguliwa bila faili. Anayeandika :help uganda huletewa maelezo yake. Moolenaar alifariki mwezi wa Agosti 2023. Inastahili kuangaliwa kwamba mtu huyu, ambaye Kiingereza hakikuwa lugha ya mama yake, aliacha d ibaki d ya "delete", wala hakuweka herufi ya Kiholanzi badala yake. Alijua kwamba vidole vya maelfu vilikwisha zoea.

Hilo ndilo tatizo la mwandishi wa Kiswahili anayetaka f iwe "futa" na b iwe "badili". Vi tangu zamani inamruhusu: amri ya map hufunga kitufe na maana mpya, na faili la .exrc, au .vimrc kwa Vim, huihifadhi. Lakini kila herufi anayoinyakua ilikuwa na mwenyewe. F ni amri ya kutafuta herufi, ile ile iliyosaidia kuingia ndani ya nitawaandikia. B hurudi neno nyuma. Akimaliza kutafsiri atakuwa na kihariri cha kwake, na atakapoketi mbele ya kompyuta ya mwenzake atakuwa bubu, kama wale wa MIT. Bei hiyo ni kubwa kwa faida ndogo, kwa kuwa kidole kikishazoea hakikumbuki tena kwamba d ilikuwa neno la lugha yoyote.

Yenye faida ni mabadiliko yasiyogusa sarufi. La kwanza ni vifupisho. Mstari wa :ab jkk Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo humwezesha mwandishi kugonga jkk na nafasi, na jina lote likajiandika. La pili ni kibodi. Katika AZERTY nukta hupatikana kwa Shift, lakini nukta-mkato haihitaji; ile amri bora kuliko zote kwa upatanisho imewekwa mahali pa taabu. Wawili hao waweza kubadilishana nafasi katika Vim kwa mistari miwili, noremap ; . na noremap . ; bila hasara ya amri hata moja. Neno noremap ni la lazima. Map ya kawaida hufuata mnyororo: nukta-mkato ingepeleka kwenye nukta, nukta ingerudisha kwenye nukta-mkato, na Vim ingekataa kwa kulalamika kwamba mzunguko hauna mwisho. Noremap huchukua maana ya asili na kuishia hapo.

La tatu ni Esc iliyofukuzwa pembeni. Wengi huandika inoremap jj <Esc>, ili j mbili za haraka zimtoe mwandishi katika hali ya kuandika. Mwingereza na Mfaransa huchagua jj kwa sababu ni nadra kwao. Kwa Kiswahili nafasi ni pana zaidi: tahajia yake haitumii q wala x kamwe, kwa hiyo hata q moja ingetosha, kama si kwamba mwandishi wa Kongo hukutana na Jacques na Mexique katika kila hati ya ofisi. J mbili ni salama zaidi. Silabi za Kiswahili haziziruhusu kukaa pamoja, na neno linaloweza kuleta shida ni Hajj, likiandikwa kwa namna hiyo badala ya hija. Hapo mwandishi hungoja sekunde moja kati ya j na j, na Vim huziacha zipite.